Jinsi ya kuwapeleka watoto mwambani maji yanapopwa

Ukitaka kumwonyesha mtoto samaki walio hai, pweza ndani ya tundu lake na kaa anayetembea na nyumba mgongoni, si lazima usubiri safari ya Dubai ukapange foleni mbele ya kioo kikubwa cha tangi la samaki la Dubai Mall. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na Unguja, Pemba na Mafia, imezungukwa na mwamba. Mara mbili kwa mwezi bahari hujivuta nyuma na kuacha vidimbwi vya maji maangavu vyenye viumbe tele. Kiingilio hakuna. Kinachotakiwa ni kuijua siku, kuijua saa, na kujua wakati wa kugeuka kurudi. Hili la mwisho nitalikazia kuliko yote, kwa sababu maji yakianza kujaa hayamsubiri mtoto mwenye miguu mifupi.

Mfano wangu utakuwa Jambiani, mashariki ya Unguja, ambako maji ya bamvua yakipwa unaweza kutembea kilomita nzima juu ya mchanga na mawe kuelekea mwambani. Aliyeko Mombasa, Diani, Watamu, Tanga au Dar es Salaam atafuata hatua zilezile.

Hatua ya 1: Utazame mwezi kwanza

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika chache. Lakini si kila maji yakipwa kuna cha kuona. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu: bahari husogea kidogo tu, mwamba haufunuki, na mtoto ataambulia kutazama maji matupu. Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 katika bamvua kubwa, na hushuka hadi mita 1 hivi wakati wa maji mafu.

Kama nyumbani mnafuata kalenda ya Kiislamu, hesabu ni nyepesi. Bamvua hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo lenga tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, za mwezi wa Kiislamu. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ziache. Hizo ni siku za maji mafu, na nitakuambia mwishoni pa kwenda siku hizo. Kwa kuwa watoto wana shule, chukua kalenda ya miezi miwili mitatu mbele uone ni bamvua ipi inaangukia Jumamosi au Jumapili. Mara nyingi utaipata moja, na hiyo ndiyo siku yenu.

Msimu nao una neno. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, upepo ni mkali na maji ya vidimbwi hutikisika kiasi kwamba huoni chini. Masika, Machi hadi Mei, mvua huteremsha udongo baharini. Mimi napenda Oktoba na Novemba, wakati kusi imekwisha na kaskazi haijashika, kisha Januari na Februari ambapo maji huwa maangavu ila jua ni kali mno. Siku moja kabla ya kuondoka, sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kukiwa na tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisheni, hata kama watoto wameshalala na mabegi pembeni.

Hatua ya 2: Panga saa ukianzia mwisho

Ukanda wetu umebahatika. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Watoto wanalala vya kutosha, mnakunywa chai, mnafika ufukweni kwa utulivu, na adhuhuri inawakuta mmeshatoka majini. Saa kamili hubadilika kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo ya jana haifai leo. Tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu, au muulize mvuvi yeyote pale pwani. Mvuvi ana faida zaidi, maana atakuambia pia mwamba wake unafunukia wapi na mkondo uko wapi.

Ukishaijua saa ya maji kupwa kabisa, hesabu kurudi nyuma. Tuseme maji yatakuwa chini kabisa saa tano asubuhi. Muwe mchangani saa tatu, mkiwa mmeshavaa viatu na kofia. Mfuate maji yanapoondoka, taratibu, kidimbwi hadi kidimbwi. Saa nne na nusu muwe mahali pa mbali kabisa mtakapofika. Saa tano kamili mgeuke. Wengi huanza kuingia mwambani saa hiyo ya kupwa kabisa wakidhani ndiyo saa ya kufurahi, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ielewe sababu yake, uwaeleze na watoto wakubwa. Wanamaji hugawa kimo chote cha maji katika mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa kabisa linarudi fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu mafungu 3, saa ya nne mafungu 3 tena, saa ya tano 2, na saa ya sita 1. Ni makadirio, lakini yanatosha. Kama tofauti ya maji siku hiyo ni mita 3.6, kila fungu ni sentimita 30. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, huoni kitu, unasema bado mapema. Saa ya pili yameongezeka sentimita 60. Saa ya tatu peke yake inaleta sentimita 90, na jumla ni mita 1.8, kimo cha mtu mzima mrefu. Jambo baya zaidi ni kwamba maji hayaji kutoka mbele tu unakotazama. Huingia kwa mifereji iliyo kati yako na ufuo, yakajaa nyuma yako huku wewe bado umesimama pakavu.

Hatua ya 3: Viatu, nguo, na ndoo ya kutazamia

Viatu ndivyo vitakavyoamua kama siku itakuwa nzuri. Kandambili hazifai kabisa. Zinanasa kwenye matope na kumwacha mtoto peku juu ya miiba. Yeboyebo ni afadhali kidogo, ila huvuka. Kinachofaa ni raba kuukuu za kufunga kamba, zenye soli ngumu, ambazo hutazilia zikiharibika kwa chumvi. Mtoto avae na soksi ili mchanga usimchubue.

Nguo iwe ya mikono mirefu, nyepesi, na kofia yenye ukingo mpana. Jua la pwani linampiga mtoto mara mbili, kutoka juu na kutoka majini, na shingo ya nyuma huungua kwanza kwa sababu muda wote ameinama. Bebeni maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani yanatosha. Maandazi, ndizi na mihogo ya kuchemsha vikae kwenye kikapu au chombo cha kufunika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar nako hairuhusiwi. Ongezeni galoni moja ya maji baridi ya kuoshea miguu, kibano cha kutolea miiba, na chupa ya chai iliyojaa maji moto. Hiyo chupa usiiache. Kazi yake nitaieleza mbele.

Sasa ndoo. Shida kubwa ya kutazama kidimbwi ni kwamba uso wa maji hung'aa na kutikisika, mtoto anaona mbingu badala ya samaki. Tengenezeni chombo cha kuondoa hilo usiku wa kuamkia safari. Chukua ndoo ndogo ya plastiki ya lita 5. Kata kitako chake kwa kisu chenye moto, ukiacha ukingo wa upana wa kidole kimoja kuzunguka ndani, kisha usugue ukingo huo kwa msasa usije ukamkata mtu. Chukua nailoni nene isiyo na rangi, ile ya kufunikia madaftari ya shule, uitandaze juu ya kitako kilichokatwa, uikunje pembeni mwa ndoo kwa nje, na uikaze kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliouzungusha mara mbili au tatu. Ijaribuni kwenye beseni. Ikivuja, kazeni tena.

Mtoto akifika mwambani anashusha kitako cha ndoo majini kidogo tu na kutazama kwa juu. Maji yanaisukuma nailoni ndani ikabonyea kidogo, na kwa kubonyea huko vitu vinaonekana vikubwa kuliko vilivyo. Ghafla chini kunakuwa karibu: chembe za mchanga, macho ya uduvi, kaa mdogo kama ukucha. Watoto watagombea ndoo, kwa hiyo tengenezeni mbili.

Hatua ya 4: Ukifika, anza kwa watu

Pwani ya Jambiani ni uwanja wa kazi wa watu. Kilimo cha mwani kilianza upande huu wa Unguja mwaka 1989, na hadi leo utawaona akina mama wakiwa majini kuanzia maji yanapoanza kupwa, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi. Mwani huo hukaushwa ukasafirishwa, na kitu kinachotolewa ndani yake huingia katika aiskrimu na dawa ya meno, jambo ambalo mtoto hulishangaa sana. Miaka ya karibuni maji yamepata joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikifa kwenye maji mafupi. Kamba moja iliyokanyagwa ni jasho la mtu. Waambieni watoto wazunguke shamba la mwani, wasikatize.

Piteni kijijini mkiwa mmevaa nguo za heshima, za kuogelea zivaliwe ndani. Watoto wawaamkie wakubwa: "Shikamoo bibi." Mkishaitikiwa, ombeni kuelekezwa. Nashauri kwa dhati mchukue mwenyeji wa kuwatembeza, mvuvi au mama anayechokoa pweza na chaza, na mkubaliane malipo kabla ya kuingia majini. Mwenyeji anajua jiwe lipi lina mkunga, yule samaki kama nyoka, na mfereji upi hujaa kwanza, na ana macho ambayo wewe na mimi hatuna. Mtoto anauliza, "Bibi, huyu nani?" na anajibiwa palepale: "Huyo jongoo wa pwani, mjukuu wangu. Usimminye, atakutapikia nyuzi." Na ni kweli, baadhi ya majongoo hutoa nyuzi nyeupe zenye kunata wakibughudhiwa.

Mwulizeni pia kama kuna sehemu ya mwamba iliyofungwa. Baadhi ya vijiji, kama Kisiwa Panza huko Pemba, hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hufungua siku moja kwa wote. Pakiwa pamefungwa, msipite hata kutazama. Na picha za watu msipige bila kuwaomba.

Hatua ya 5: Masharti matatu kabla ya kukanyaga maji

Wakusanye watoto mchangani, wakiwa bado hawajaona chochote cha kuwapumbaza, uwaambie masharti haya na kila mmoja ayarudie kwa kinywa chake.

Hatuokoti kiumbe wala gamba. Hatutii mkono tunduni. Hatukimbii, na mkubwa akisema "tunarudi" tunageuka hapohapo bila "subiri kidogo".

Mkubwa mmoja asiwe na watoto zaidi ya wawili walio chini ya miaka minane. Wenye chini ya miaka minne wabaki kwenye vidimbwi vya karibu na ufuo na mtu wao. Huko nako kuna kaa na samaki wadogo wa kuwatosha, na hutambeba mtu mgongoni juu ya mawe yanayoteleza. Mtu mmoja awe na saa mkononi na kazi yake iwe hiyo tu. Simu haifai kwa kazi hii, inaingia maji au inaingia kwenye kupiga picha.

Kutembea nako kuna namna yake. Kanyageni mchanga au jiwe tupu, kamwe msikanyage matumbawe, ambayo ni wanyama hai na mengine hukua sentimita moja tu kwa mwaka. Mnapovuka maji yenye mchanga chini, buruzeni miguu badala ya kuinyanyua. Taa, samaki bapa mwenye mkia mrefu, hujifukia mchangani, na akisikia mguu unaburuzwa huondoka mwenyewe. Akikanyagwa hupiga mwiba wa mkia.

Hatua ya 6: Kaeni kwenye kidimbwi kimoja

Wazazi wengi hukosea hapa. Wanamvuta mtoto kutoka kidimbwi hiki hadi kile wakitafuta kitu kikubwa, na mwisho wa siku mtoto ameona maji mengi na viumbe wachache. Chagueni kidimbwi chenye jiwe, mwani kidogo na kina cha magoti, mchuchumae, mnyamaze, kivuli chenu kisianguke majini. Dakika ya kwanza hamtaona kitu, kwa sababu kila kiumbe kimejificha mlipofika. Dakika ya tatu uduvi hutoka. Baadaye samaki wadogo wenye milia, baadaye gamba la konokono linaanza kutembea, na mtoto anagundua kwamba ndani yake mna kaa.

Kaa huyo ni somo zuri. Hana gamba lake mwenyewe la kumfunika tumbo, kwa hiyo huishi katika gamba la konokono aliyekufa, na akikua huhamia kubwa zaidi. Mtoto akielewa hilo, ataelewa bila kugombezwa kwa nini hatuokoti magamba ya kupambia sebule: tunamchukulia mtu nyumba.

Pweza hutafutwa kwa takataka zake. Akishakula kaa na chaza, huacha magamba mbele ya mlango. Mkiona tundu lenye rundo dogo la magamba safi yaliyovunjika, simameni hatua mbili nyuma mtazame kwa ndoo. Mtaona jicho kwanza. Kisha mtaona ngozi ikibadilika rangi, ikawa kama jiwe, ikawa nyekundu, ikarudi. Waambieni watoto ana mioyo mitatu na damu ya samawati, hawatasahau. Msimchokoe kwa kijiti. Mwenyeji akitaka kumvua ni riziki yake, na mtoto mwenye umri wa kuelewa anaweza kuona jinsi kitoweo kinavyopatikana, lakini mzazi aamue mapema kama mtoto wake yuko tayari.

Kiti cha pweza, yule wa mikono mitano, ndiye anayeteswa zaidi na wageni. Wale wakubwa wenye vinundu vyekundu wanapendeza, basi kila mtu anawanyanyua apige picha. Hupumua kwa kutumia maji, na kunyanyuliwa juani kunamdhuru hata kama amerudishwa baadaye. Mtazameni akiwa chini. Mkikaa mtaona kwamba anatembea, kwa mamia ya vijiguu laini vilivyo upande wa tumboni.

Mkipata anemoni, yule mwenye vidole vingi laini vinavyopepea, tazameni kama kuna samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe anayeingia na kutoka. Vidole hivyo huwachoma samaki wengine, yeye havimdhuru. Katika kila familia ya samaki hao, mkubwa kuliko wote ni jike, na akifa, dume wake hugeuka kuwa jike. Nimeona watoto wa darasa la sita wakilibishania jambo hili njia nzima ya kurudi.

Samaki aina ya pono mnaweza msiwaone vidimbwini, ila onyesheni kazi yao. Hutafuna matumbawe yaliyokufa kwa mdomo wao mgumu na kutoa unga mweupe, na sehemu ya mchanga mweupe mnaoutembelea imepita tumboni mwa pono. Kama watoto watauliza kwa nini sehemu nyingine za mwamba ni nyeupe na zimekufa, waambieni ukweli. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi wakati wa El Niño, na matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa. Joto kama hilo limerudi tena tangu hapo. Mtoto anastahili kuambiwa hivyo akiwa amesimama mbele ya kitu chenyewe.

Jiwe msiligeuze. Mwenyeji akiligeuza, lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa maana viumbe wa upande wa chini hufa kwa jua.

Wa kutazamwa kwa mbali tu

Wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano wanajulikana, shida ni kuwakanyaga. Konokono mwenye gamba la umbo la pia, lililochongoka upande mmoja na lenye michoro mizuri, ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu anavutia na mkono wa mtoto unakwenda wenyewe. Ana mshale wenye sumu, na aina nyingine zinaweza kuua. Yuko pia samaki anayefanana kabisa na jiwe lenye ukungu, anayelala bila kutikisika na mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ndiyo maana ya raba zenye soli ngumu. Samaki aitwaye bunju akijivimbisha mwacheni, ameogopa.

Akichomwa mtu

Kwa mwiba wa taa, wa yule samaki-jiwe au wa wale weusi, dawa ya kwanza ni joto. Hapo ndipo ile chupa ya chai inapofanya kazi. Changanya maji moto na ya baridi kwenye ndoo nzima yoyote hadi yawe moto wa kuvumilika, mkubwa ayapime kwa mkono wake kwanza, maana mtoto mwenye maumivu hajui kama anaungua. Tumbukiza mguu nusu saa au zaidi, ukiongeza joto taratibu. Miiba inayoonekana itoeni kwa kibano, iliyozama msiichimbe. Wenyeji wengi hupaka utomvu wa papai bichi kwenye miiba midogo ya wale weusi. Lakini kwa samaki-jiwe na taa, maji moto ni ya njiani tu, nendeni hospitali.

Akichomwa na konokono mwenye sumu, msingoje kuona kama itapoa. Mlazeni, kiungo kilichochomwa kisitikisike, mkimbizeni hospitali hata kama maumivu ni madogo. Kabla ya kuondoka nyumbani ulizeni kituo cha afya cha karibu kiko wapi, na muwe na namba ya mtu mwenye gari.

Hatua ya 7: Kugeuka

Saa ikifika, mwenye saa aseme "tunarudi" na msogee. Hapo ndipo mtoto atakapoona pweza wa pili. Msirudi nyuma. Kilomita moja juu ya mawe na watoto inaweza kuchukua saa nzima, na njia ya kurudia iwe ileile ya kuendea, kwa kuwa mnaijua. Mkikuta mfereji umeshaanza kujaa, vukeni mara moja pale mwenyeji anapoonyesha, watoto wadogo wakiwa wamebebwa. Njia ya kurudi itazameni vilevile: maji yanayoingia huleta samaki wadogo mbele yake, nao wanaonekana wazi kwenye mchanga.

Mkifika, osheni miguu, kagueni nyayo, kuleni. Kila mtoto ataje viumbe watatu alioona, na mkubwa aandike majina kama mwenyeji alivyoyataja.

Siku ya maji mafu: nendeni kwa kasa

Likizo ikiangukia maji mafu, msiwalazimishe watoto kuingia majini. Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, karibu na mnara wa taa, lipo bwawa la asili la Mnarani ambalo wanakijiji wamelitunza tangu 1993. Maji ya bahari huingia kwa kupenya kwenye jiwe. Humo hutunzwa kasa, wakiwemo walionaswa na nyavu, na vifaranga kutoka kwenye viota vya pwani hiyo hulelewa kabla ya kuachiwa baharini. Mtoto anaweza kumlisha kasa mwani chini ya macho ya mtunzaji. Asiingie majini kuwakumbatia wala kumnyanyua yeyote kwa ajili ya picha.

Mwonyesheni tofauti ya kasa wa kawaida na ng'amba: ng'amba ana mdomo uliochongoka kama wa mwewe, anaotumia kula sponji mwambani. Gamba lake ndilo lililokuwa likitengenezwa vitana na vikuku. Ukiuziwa kitu cha namna hiyo, kataa. Biashara ya kimataifa ya kasa imepigwa marufuku. Watamu nako kuna Local Ocean Conservation, iliyoanza 1997 kwa kulinda viota, na hupokea kasa wagonjwa na walionaswa na wavuvi. Mafia, kisiwani Juani, shirika la Sea Sense huwapeleka wageni kuona mayai yanapoanguliwa. Yai hukaa mchangani karibu miezi miwili, kwa hiyo ulizeni tarehe kabla ya kununua tiketi.

Walioko mjini Unguja wana kisiwa cha Changuu, karibu nusu saa kwa boti, chenye kobe wakubwa waliotokana na wanne walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kobe hawa ni wa nchi kavu, na ukianzia Nungwi ukamalizia hapa, mtoto ataona mwenyewe miguu ya kutembelea na makasia ya kuogelea. Nendeni asubuhi, boti ikiwa na maboya ya kuokolea yanayowatosha watoto na sio wakubwa tu. Mlisheni kobe majani yanayotolewa palepale, asipewe biskuti, na waulizeni watunzaji wapi anaruhusiwa kuguswa.